Shangazi na Wiki ya Mvua ya Kwanza

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Shangazi anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha watoto wenye usonji kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Anaondoka akiwa na umri wa miaka sitini, goti la kushoto bovu, na kovu la meno kwenye mkono wa kulia ambalo akiulizwa husema ndicho cheti chake cha kwanza. Kuhusu sherehe ameomba mambo mawili tu: hotuba zisiwe ndefu, na asipewe saa ya ukutani. Anazo mbili nyumbani, anasema, na haziafikiani.

Mimi ni naibu mkuu wa kituo, mpaka mwisho wa mwezi huu. Nimefanya kazi na Shangazi miaka kumi na minne, na ndiyo maana nimepewa heshima ya kuandika wasifu wake katika kijitabu hiki. Naomba wageni wetu wanivumilie. Sehemu ya habari hii inachekesha, lakini sehemu kubwa haichekeshi. Shangazi anajua nitakachoandika, ingawa amekataa kukisoma mapema.

Alikuja hapa kama mfanya usafi. Kituo kilikuwa vyumba viwili vya bati, watoto kumi na mmoja na walimu wawili. Neno usonji halikuwa bado midomoni mwa watu. Watoto hawa waliitwa watundu, na hilo ndilo lilikuwa jina la adabu. Palikuwa na mmoja aliyekaa kwenye kona moja kila siku, na kila aliyemsogelea aling'atwa. Walimu walimwamkia kwa sauti ya uchangamfu kila asubuhi, naye kila asubuhi aliwang'ata. Shangazi aling'atwa siku ya kwanza, akajifunza. Wiki tatu akapiga deki kumzunguka bila kumsalimu wala kumtazama. Wiki ya nne mtoto akainua miguu mwenyewe ili Shangazi apitishe tambara. Wiki ya tano akalichukua tambara akapiga deki yeye.

Mkuu wa wakati ule alikuwa akitazama dirishani. Akamwita Shangazi, akamuuliza amemfanya nini yule mtoto.

“Sijamfanya kitu,” Shangazi akajibu. “Nadhani ndicho alichokuwa anataka.”

Mwezi uliofuata aliandikishwa kuwa mlezi. Jina la Shangazi alipewa na watoto wenyewe, wale wenye maneno, na wasio na maneno walilikubali kwa kutokupiga kelele likitajwa.

Jambo ambalo kituo kizima kinamshukuru kwalo aliligundua kwenye kamba ya nguo. Kazi ya kufua nguo za akiba, zile anazobadilishiwa mtoto akijikojolea, ilikuwa yake. Mwaka wa tatu akaona kwamba siku nyingi kamba hubeba nguo nne au tano, halafu huja wiki moja ambapo kamba hujaa mpaka nyingine anazitandaza juu ya ua. Wiki hiyo ilikuwa ya mvua ya kwanza ya masika. Kipupwe kilipoingia, kamba ikajaa kidogo. Vuli ilipoanza ikajaa tena. Watoto waliokwisha zoea choo walikisahau. Waliokuwa wakimaliza chakula waliisukuma sahani. Waliokuwa wakilala mchana walikesha mchana, kama alivyosema Shangazi.

Walimu walisema ni utundu umerudi. Wazazi wengine walinong'ona habari za majirani wabaya. Shangazi hakubishana na mtu, akaanza kuchunguza ni kitu gani hasa hubadilika mvua ikianza.

Aliona kwamba ni vingi, tena vyote kwa siku moja. Bati hupiga kelele, na kwa mtoto ambaye masikio yake hayachuji sauti, hiyo ni sawa na kufungiwa ndani ya ngoma. Mawingu yakitanda, taa ndefu za dari huwashwa mchana, na taa hizo zina mlio ambao sisi wengine tulikwisha acha kuusikia. Ndala huwekwa kando, mtoto anavalishwa viatu vya kufunika. Sweta inatoka kabatini ikinuka kabati, na ina lebo inayokwaruza shingo. Mapumziko ya saa nne hayaendi uani kwa sababu ya tope, na hakuna anayemweleza kwa nini. Akirudi nyumbani anakuta ndugu zake wote wamejazana chumba kimoja. Mtoto hubadilikiwa na vitu sita au saba tangu asubuhi mpaka jioni, na hana maneno ya kuuliza kulikoni.

Kiangazi nacho kilikuwa na mambo yake. Joto la usiku liliwanyima watoto usingizi, wakaja asubuhi macho mekundu, na ikifika saa tano kuna mtu keshang'atwa. Kipupwe kiliwagawa: wengine walitulia kama maji ya mtungini, wengine walijikunyata wakakataa kuguswa, na mmoja alikuwa akizungumza sentensi nzima miezi ya baridi tu. Shangazi hakupenda tuseme “watoto hawa wako hivi.” Alikuwa akituambia, “Kila mmoja ana msimu wake mbaya. Kazi yako ni kuujua kabla haujafika.”

Nilipoajiriwa, na cheti changu bado kinanukia wino, alinifuata akaniambia, “Mwalimu, wiki ijayo itakuwa nzito. Usianze somo jipya.”

Nikamjibu mbele ya wenzangu, “Kumbe Shangazi umehamia idara ya hali ya hewa?”

Watu wakaangua kicheko. Yeye pia akacheka. “Mimi nafua tu, mwalimu,” akasema, akaenda zake. Wiki iliyofuata mvua ikanyesha, na kufika Jumatano nilikuwa nimejifungia stoo, nimekalia gunia la mikeka, nalia.

Ungedhani nilijifunza siku ile. Nilijifunza nusu.

Sasa nifike pale ninapopaswa kufika. Miaka mitano baadaye tulikuwa na msichana wa miaka tisa ambaye kwao walimwita Chiriku. Hakuwa na neno hata moja, lakini hakunyamaza: alivuma kwa pua tangu asubuhi mpaka alale, sauti tatu zilezile, ya juu, ya chini, ya kati. Mama yake ni mshonaji, na cherehani yake iko barazani, mtaa huuhuu wa kituo. Kila mlezi hapa ana watoto wanne wa kuwaangalia kwa karibu, na Chiriku alikuwa miongoni mwa wanne wa Shangazi.

Alipenda maji. Angeweza kusimama bombani saa nzima akiyaacha yapite katikati ya vidole. Wakati wa kiangazi alikuwa mtoto mtulivu kuliko wote. Mawingu yakianza kujikusanya, alibadilika kwa mpangilio ambao Shangazi alituambia wote, mmoja mmoja, na akaurudia kwenye kikao. Kwanza anavua viatu na hakubali kuvirudisha. Pili, ule wimbo wake unapanda. Tatu, anatafuta maji. Shangazi aliomba pia komeo la geti la nyuma, lile la jikoni, lihamishiwe juu, kwa sababu lilikuwa usawa wa mkono wa mtoto. Mkuu alimjibu kwamba fundi amekwisha ambiwa. Tulikuja kujua baadaye kwamba fundi hakuwa ameambiwa chochote.

Ilikuwa Alhamisi. Mkuu alikuwa safarini na mimi nilikuwa nimekaimu nafasi yake. Kesho yake tulikuwa tunatarajia wageni, na ukumbini palikuwa na viti arobaini vya kupanga. Masika yalikuwa bado wiki tatu kwa kalenda, lakini tangu asubuhi mbingu ilikuwa imenuna.

Shangazi alinijia ofisini baada ya chakula cha mchana.

“Mwalimu, Chiriku hajavaa viatu tangu asubuhi.”

“Nimeona.”

“Na wimbo umepanda. Naomba leo nisitoke darasani. Nikae naye.”

“Shangazi, mvua bado wiki tatu,” nikamwambia. “Kapange viti kwanza, dakika ishirini tu. Mimi nipo.”

Alinitazama kidogo. Kisha akasema, “Haya, mwalimu,” akaenda.

Ni kweli nilikuwepo. Nilikuwepo ofisini, naongea na wageni kwa simu.

Saa nane na dakika kumi mvua ikashuka yote kwa mpigo, juu ya bati. Watoto wawili walianguka chini wakipiga mayowe, mwingine alikuwa akigonga kichwa ukutani, na mimi na mwenzangu mmoja tulikuwa tukikimbia kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Shangazi aliviacha viti tone la kwanza lilipogonga. Aliingia darasani akawapitishia macho watoto wote mara moja, akauliza swali moja tu.

“Yuko wapi?”

Geti la nyuma lilikuwa wazi. Viatu vilikuwa chini ya dawati.

Nyuma ya kituo kuna mtaro mkubwa wa maji ya mvua. Shangazi hajui kuogelea. Aliingia mpaka maji yakamfika kifuani, akaufuata mtaro akishikilia ukuta, na akampata Chiriku pale mtaro unapoingia chini ya barabara. Goti lake liliharibika pale, kwenye zege. Alimbeba mtoto mpaka zahanati akiburuza mguu, akakataa kupokewa na mtu. Mganga alijaribu kwa muda mrefu. Sote tulikuwa tumekwisha jua kwamba mtoto hayupo tena, na mganga naye alijua, lakini aliendelea.

Iliundwa kamati ya watu watatu. Tuliitwa wote chumba kimoja, tukakaa kwenye benchi ukutani, na kila mmoja akahojiwa mbele ya wenzake.

“Mtoto wako alipotoka, ulikuwa wapi?” wakamuuliza Shangazi.

“Ukumbini.”

“Kufanya nini?”

“Kupanga viti.”

“Nani alikutuma?”

“Viti vilikuwa vinahitaji kupangwa.”

“Tunauliza nani alikutuma.”

“Kazi za hapa ni za wote,” akasema Shangazi. Hawakupata zaidi ya hapo.

Nilikuwa nimekaa watu wawili kutoka kwake. Zamu yangu ilipofika nilieleza mvua ilivyoanza, watoto walivyoanguka, nilivyokimbia huku na huku. Yote yalikuwa kweli. Mwishoni mwenyekiti akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema, “Sina.”

Shangazi alipewa barua ya onyo kali kwa kuondoka kituo chake cha kazi bila ruhusa. Barua ikawekwa kwenye faili lake na akafungiwa kupanda cheo. Mwaka uliofuata angekuwa mlezi mkuu. Kila mtu alijua. Amebaki mlezi wa kawaida mpaka Ijumaa hii. Mimi mwaka uleule nilipandishwa kuwa naibu mkuu, kwa sababu kamati ilisifu jinsi nilivyojitahidi siku ya tukio.

Komeo lilihamishiwa juu wiki iliyofuata. Lilichukua misumari minne na dakika kumi.

Ilinichukua miaka miwili kupata ujasiri wa kumuuliza kwa nini hakunitaja. Tulikuwa tunakunja mataulo. Hakuacha kukunja.

“Ningekutaja, wangekuondoa,” akasema. “Masika yangekuja yangemkuta mwalimu mgeni, asiyemjua mtoto hata mmoja. Wewe angalau sasa umejua. Hutamtuma tena mtu kupanga viti.”

Sikumtuma. Tangu hapo kazi ya kuwaandaa watoto kwa msimu ikawa kazi ya kituo kizima, na aliyeiongoza ni yeye, bila cheo cha kuiongozea. Wiki sita kabla ya masika, sweta hutolewa jua likiwa bado kali. Mtoto huishika, huilalia, huizoea, na lebo zimekwisha katwa. Viatu vya kufunika huvaliwa dakika tano, kesho kumi. Sauti ya mvua juu ya bati, ambayo Shangazi aliirekodi kwa simu yake, hupigwa kwa chini sana wakati wa kucheza, na kila siku huongezwa kidogo. Picha ya wingu hubandikwa kwenye ubao wa ratiba. Mapumziko huhamia ukumbini mapema, kabla tope halijatulazimisha. Wazazi hupewa karatasi ya kuwaeleza wafanye nini nyumbani, na hakuna mlezi anayekwenda likizo wiki ile. Masika yaliyopita hakuna mtoto aliyeumia, na kamba ya nguo ilibeba nguo saba. Mkaguzi alitusifu akaandika ni “mbinu ya kituo.” Shangazi aliisoma ripoti, akasema kituo kina bahati ya kuwa na mbinu.

Lakini wanaofanya kazi hapa wanajua jambo lingine ambalo ripoti haikuliona. Kwa miaka tisa sasa, mvua ya kwanza ikinyesha, Shangazi haongei. Anafanya kazi yote, macho yake yapo, mikono yake ipo, ila neno halimtoki siku mbili, wakati mwingine tatu. Mmoja wa wasichana wetu wakubwa, ambaye hapendi kabisa kukaribiana na watu, siku hizo huenda kukaa kwenye mkeka karibu naye, bila kumgusa. Hakuna aliyemfundisha. Ameona tu kwamba Shangazi naye ana msimu wake mbaya.

Mama yake Chiriku hakuhama mtaa. Kila asubuhi Shangazi alipita barazani pale akamsalimu, na kila asubuhi ilijibu cherehani. Yule mama alikuwa ameambiwa kilichoandikwa kwenye barua: kwamba mlezi aliondoka bila ruhusa. Nami nilikuwa nikipita palepale, na mimi alinijibu salamu. Miaka tisa alinijibu.

Nilipoombwa kuandika wasifu huu nilipewa faili la Shangazi ili nipate tarehe sawasawa. Barua ile ilikuwa ndani. Nilikaa nayo siku nne. Siku ya tano nilitoka ofisini saa za kazi nikaenda barazani, nikamwambia yule mama kila kitu kama nilivyokiandika hapa juu. Alikuwa anashona mkono wa gauni. Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio.

“Kwa hiyo alikwambia,” akasema.

“Aliniambia. Aliniambia kuhusu viatu.”

“Na mimi niliona,” akasema. “Asubuhi ile alivivua mara mbili. Nikavifunga mafundo mawili mawili ili asivivue njiani. Nilikuwa na nguo ya mtu ya kumaliza.” Kisha, “Miaka tisa namnyima salamu mtu aliyeingia majini. Nenda, mwalimu. Niondokee.”

Nikaondoka. Nimesikia kwamba kesho yake alikwenda nyumbani kwa Shangazi, wakakaa ndani tangu mchana mpaka jua likatua. Waliyozungumza hayanihusu, na sikuuliza. Yule mama ameniruhusu kuandika haya kwa sharti kwamba jina halisi la mtoto wake nisiliguse. Ameniambia pia kwamba hawezi kukaa nami kwenye ukumbi mmoja. Atakuja kumuaga Shangazi nikishaondoka, kwa hiyo nitaondoka mapema, na naomba mtu asinizuie kwa maongezi.

Nimeandika kwa bodi kueleza ukweli na kuomba barua ile iondolewe. Bodi imejibu kwamba imepokea. Cheo hakirudi nyuma miaka tisa. Hilo nimeambiwa waziwazi. Unaibu nimeuachia, na nimeomba kurudi darasani, kama watanikubali.

Shangazi naye aliweka masharti yake nilipomweleza. “Andika,” akasema, “ila usinifanye malaika. Nilikuwa na hasira na wewe miaka mingi, na nyingine ninayo bado. Na habari ya viatu iandike wazi, mlezi mpya aisome aielewe.” Mlezi mpya alianza kazi Jumatatu. Namwomba aisome aya ile mara mbili, kisha amfuate Shangazi amuulize kabla ya Ijumaa, maana ziko ishara nyingine nyingi ambazo hazijaandikwa popote.

Shangazi anahamia kwa binti wa kaka yake, ambaye amemwandalia chumba chenye dari nene ya mbao, ambamo mvua husikika kwa mbali. Goti litapata mapumziko. Ameahidi kwamba simu yake itakuwa wazi wiki sita kabla ya masika, na itazimwa wiki ya mvua yenyewe, tusimsumbue.

Shangazi, kwa niaba ya watoto mia mbili na zaidi waliopita mikononi mwako, na wazazi wao, na sisi tuliojifunza kwako polepole mno, ahsante. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na majirani wasio na makelele.

Na sasa kwa niaba yangu peke yangu. Haya nilipaswa kuyasema mbele ya kamati, nilipoulizwa kama nina la kuongeza. Nayasema leo, umekaa kiti cha mbele na watu wote wanasoma. Nisamehe ukiweza, Shangazi; na usipoweza, pumzika vilevile.